Tajiri Kando ya Njia ya Yeriko: Kuyasoma Maisha ya Brooke Astor

Brooke Astor alifariki tarehe 13 Agosti 2007 akiwa na umri wa miaka 105. Ibada ya mazishi ilifanyika katika Kanisa la Mtakatifu Thomas, barabara ya Fifth Avenue, New York, kanisa la ndugu zetu Waepiskopali, na Meya wa mji alikuwepo. Kwenye jiwe la kaburi yaliwekwa maneno aliyoyachagua mwenyewe, ya kusema kwamba maisha yake yalikuwa mazuri sana. Wengi waliompenda waliona ni maneno ya shukrani. Wengine, waliokuwa wamesoma magazeti ya mwaka mmoja nyuma, waliyaona kuwa ya kusikitisha. Mimi naona yanastahili kuulizwa kwa utaratibu, kama tunavyouliza ushuhuda wowote unaotolewa mbele ya usharika.

Mama huyu aliitwa mfadhili mkuu wa New York. Kwa karibu miaka arobaini aliongoza mfuko wa hisani wa mume wake wa tatu, Vincent Astor, na mfuko ulipofungwa mwaka 1997 ulikuwa umekwisha kutoa karibu dola milioni 195. Mwaka 1998 Rais Clinton alimpa Nishani ya Uhuru. Vitabu vitatu vinafaa kusomwa na anayetaka kumjua. Cha kwanza ni kumbukumbu zake mwenyewe, Footprints, cha mwaka 1980. Cha pili ni cha Frances Kiernan, The Last Mrs. Astor, kilichotoka mwaka ule ule aliokufa. Cha tatu ni cha Meryl Gordon, Mrs. Astor Regrets, cha mwaka 2008. Kitabu chake mwenyewe ni cha mtu anayejua kupokea wageni: msomaji anakaribishwa sebuleni, anachekeshwa, anaagwa kwa adabu, lakini haingizwi vyumba vya ndani. Kiernan anatuonyesha jinsi mwanamke alivyojitengeneza akawa Bi. Astor. Gordon anatupeleka kwenye ugomvi wa familia na mahakamani. Vyote ni vitabu vya maana. Hata hivyo, kila mara nilipofunga kimojawapo nilibaki na swali lile lile ambalo mwanasheria alimwuliza Bwana Yesu katika Luka 10: jirani yangu ni nani? Nataka kulijibu kwa njia ambayo vitabu hivi vinaigusa bila kuitamka.

Kwanza maisha, kwa kifupi. Alizaliwa tarehe 30 Machi 1902 huko Portsmouth, New Hampshire, mtoto pekee wa afisa wa Kikosi cha Wanamaji wa Marekani, John Russell, ambaye baadaye alifika cheo cha juu kabisa cha kikosi hicho. Kwa ajili ya kazi ya baba alikaa Peking utotoni, akaona mahekalu na bustani za Kichina, na hakuzisahau. Aliolewa akiwa na miaka 17 tu, na Dryden Kuser, kijana wa familia tajiri. Ndoa hiyo ilikuwa ya mateso. Kwa maelezo yake mwenyewe, mume alimpiga akamvunja taya wakati ana mimba. Waliachana mwaka 1930, wakiwa na mtoto mmoja, Anthony. Mume wa pili, Charles Marshall, alimpenda naye akampenda, na kifo chake mwaka 1952 kilimwacha mama huyu katika majonzi na bila fedha nyingi. Mwaka 1953 aliolewa na Vincent Astor, ambaye baba yake alizama na meli ya Titanic mwaka 1912. Vincent alikuwa mtu mgumu, mwenye wivu, asiyependa watu. Alikufa mwaka 1959 akamwachia mjane wake mali nyingi, na nyingine nyingi akauachia mfuko, ambao lengo lake lilikuwa kupunguza taabu za wanadamu.

Hapo ndipo kazi yake ilipoanza, na hapo ndipo ninapomheshimu. Mjane wa miaka 56 angeweza kutia sahihi hundi akiwa nyumbani. Yeye alikwenda kuona. Ombi likifika, alitaka kujua mahali penyewe: jengo likoje, nani anafanya kazi pale, watoto wanacheza wapi. Alikwenda Harlem, alikwenda Bronx na Brooklyn, tena alikwenda amevaa kofia, glavu na vito vyake. Alipoulizwa kwa nini anajipamba hivyo kwenda kwa maskini, alieleza kwamba watu wanamtarajia Bi. Astor, na kumjia mtu umevaa ovyo ni kumdharau. Wapo wanaocheka jibu hili. Sisi tunaovaa nguo zetu nzuri kwenda msibani na kwenye kipaimara hatuna sababu ya kucheka. Kuna heshima ndani yake.

Na vitu alivyovitoa havikuwa vya makumbusho na kumbi za muziki peke yake. Mwaka 1966, fedha za mfuko zilitengeneza uwanja wa wazi wa kupumzikia na kuchezea katika nyumba za umma za Jacob Riis, upande wa mashariki ya chini ya Manhattan, mahali ambapo maskini walikuwa wamezoea kuachiwa sakafu ya saruji na uzio. Familia zilizokuwa hazina makazi zilipopewa nyumba, mfuko ulisaidia zipate samani, maana nyumba bila kitanda ni ukuta tu. Jambo dogo kama hilo huonwa na mtu aliyeingia ndani. Kwa upande mwingine, Jumba la Makumbusho la Metropolitan lilipata ua wa Kichina uliofunguliwa mwaka 1981, ukajengwa na mafundi kutoka Suzhou kwa sababu msichana wa Peking alikuwa bado anaishi ndani ya yule mama mzee. Na Maktaba ya Umma ya New York, iliyokuwa imechakaa na kukosa fedha, ilipata kwake mtetezi. Mwaka 1983 aliacha shughuli nyingi nyingine ili aitumikie hiyo.

Alipenda kusema kwamba fedha ni kama samadi, haina faida mpaka itawanywe, methali aliyoichukua kutoka mchezo wa kuigiza wa Thornton Wilder, The Matchmaker. Wasomaji wetu wenye migomba hawahitaji kufafanuliwa. Lakini mwenye migomba anajua jambo la pili ambalo methali hiyo inaliruka. Samadi hutoka zizini. Kuna ng'ombe aliyeitoa na kuna mtu, mara nyingi mama au binti, aliyekata majani na kuyabeba kichwani asubuhi. Ukisifu samadi shambani bila kutaja zizi, umesimulia nusu ya habari.

Zizi la akina Astor lilikuwa ardhi ya New York. John Jacob Astor, aliyezaliwa mwaka 1763 katika kijiji cha Walldorf huko Ujerumani, alitajirika kwanza kwa biashara ya ngozi za wanyama, kisha akanunua ardhi ya Manhattan ilipokuwa bado mashamba. Alipokufa mwaka 1848 alikuwa mtu tajiri kuliko wote Marekani. Wanawe na wajukuu hawakuhitaji kufanya mengi. Waliikodisha ardhi, wengine wakajenga juu yake nyumba za msongamano, wahamiaji wakajazana ndani yake, na kodi ikapanda ngazi kutoka chumba kisicho na dirisha hadi kwenye jumba la Fifth Avenue. Akina Astor hawakuwa peke yao. Kanisa nalo lilikuwemo: Parokia ya Trinity, kanisa la heshima kubwa mjini humo, ilishutumiwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa sababu ya hali ya nyumba za wapangaji zilizokuwa katika ardhi yake. Nalitaja hili ili asiwepo mchungaji anayemnyooshea kidole Bi. Astor kutoka mahali pa juu.

Bi. Astor mwenyewe alilijua zizi. Kanuni yake ya kutoa ilikuwa kwamba mali hii ilipatikana New York, basi irudi New York. Naiona kuwa kauli ya kweli kuliko methali ya samadi, kwa sababu ina neno "irudi" ndani yake. Zakayo katika Luka 19 anasema maneno ya namna hiyo, lakini anaongeza kitu. Anatofautisha nusu ya mali anayowapa maskini na kile anachowarudishia mara nne wale aliowanyang'anya. Ya kwanza ni sadaka, ya pili ni deni. Katika mfuko wa Astor vitu hivyo viwili vilichanganywa katika bahasha moja, na bahasha ikaandikwa "hisani". Aliyepokea alishukuru, kumbe katika sehemu fulani alikuwa analipwa.

Hakiki nyingi huishia hapo, na mhakiki hujiona amemaliza kazi. Mimi nadhani sehemu ngumu ya maisha haya bado.

Matendo ya Mitume sura ya 9 inatupa mwanamke mwingine aliyejaa matendo mema: Tabitha wa Yafa, aitwaye Dorkasi. Anapokufa, wajane wanasimama karibu na Petro wakilia na kumwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Tumezoea kuhubiri juu ya sindano yake. Tuangalie pia wajane. Wanamjua. Maiti yake imeoshwa na kulazwa orofani, na Luka hasemi walioiosha walilipwa. Kati ya Dorkasi na wale aliowashonea palikuwa na njia inayopitika pande zote mbili. Siku alipolala bila nguvu, walikuwa wamekwisha kuizoea ile nyumba.

Sasa twende kwenye ghorofa ya Bi. Astor katika barabara ya Park Avenue. Kuanzia karibu mwaka 2000 ugonjwa wa kusahau ulianza kumchukua. Mwezi Julai 2006 mjukuu wake, Philip Marshall, alikwenda mahakamani kuomba bibi yake apewe mlezi mwingine badala ya Anthony, baba yake Philip mwenyewe. Madai yalisomwa dunia nzima: kwamba bibi tajiri kiasi kile alikuwa analala kwenye kochi lenye harufu ya mkojo, na kwamba matumizi yake yamebanwa. Amri ya Nane, kwa jinsi Katekisimo Ndogo inavyotufundisha, inatutaka tusimchafulie jirani jina, kwa hiyo lazima niseme na upande wa pili: mwezi Desemba mwaka huo jaji alitamka kwamba madai ya kutunzwa vibaya hayakuthibitika. Gordon anaeleza hayo. Magazeti mengi yaliyopiga kelele mwezi Julai yalinong'ona mwezi Desemba.

Lakini habari ya fedha ilithibitika mbele ya baraza la wazee wa mahakama. Tarehe 8 Oktoba 2009 Anthony Marshall, mwenye miaka 85, alipatikana na hatia katika mashtaka 14 kati ya 16. Zito kuliko yote lilikuwa la wizi: alijiongezea mshahara aliokuwa analipwa kwa kusimamia mali ya mama yake, kiasi cha dola milioni moja. Wakili mmoja alipatikana na hatia ya kughushi sahihi ya mama huyo katika nyongeza ya wosia. Mwaka 2013 mzee wa miaka 89 aliingia gerezani, akatolewa baada ya miezi miwili hivi kwa sababu ya afya, na mwaka uliofuata akafa.

Msomaji wa Katekisimo ataona haraka Amri ya Nne na ya Saba zimevunjwa pamoja, na atakuwa sahihi. Mimi ninakwama kwenye neno moja la hukumu: mshahara. Mtoto pekee wa mfadhili mkuu wa New York alikuwa ameajiriwa na mama yake. Wote walioandika juu yao wanakubaliana kwamba hawakuwahi kuwa karibu. Mama alikuwa mchanga, kisha alikuwa katika ndoa mbaya, kisha alikuwa na waume waliomtaka peke yake, na mtoto alikulia katika shule za bweni. Maktaba ilipata sikio la Bi. Astor. Mwanawe alipata malipo, akaona hayatoshi, akajiongezea. Simtetei, wizi ni wizi. Ila katika Marko 7 Bwana Yesu anawakemea watu waliotumia korbani, sadaka ya hekalu, kukwepa wajibu wa nyumbani, na naona neno hilo linaweza kuelekezwa kwa wazazi pia. Tunao wazee wa kanisa ambao kila mkutano wapo, kila ujenzi wapo, na watoto wao huwasikia sauti kupitia kipaza sauti cha kanisani kuliko mezani.

Nirudi kwa yule mwanasheria wa Luka 10. Tunapohubiri mfano wa Msamaria mwema, tajiri tunamweka wapi? Siku zote tunamweka kwenye nafasi ya Msamaria. Ana punda, ana mafuta na divai, ana dinari mbili za kumpa mwenye nyumba ya wageni. Aliyelala kando ya njia ni maskini. Tumeizoea picha hiyo mpaka harambee zetu zimejengwa juu yake. Mgeni rasmi anaketi mbele, anatajwa kwa jina na kwa kiasi, mzee wa kanisa anamfungulia chupa ya maji. Mama aliyeleta mayai sita kwa mnada hatajwi, ingawa mayai yale yatanunuliwa na kurudishwa mara tatu na kuleta fedha kuliko kuku mwenyewe. Kutoa ni moyo, si utajiri, imeandikwa kwenye khanga zetu, lakini meza kuu inaimba wimbo mwingine.

Maisha ya Brooke Astor yanaigeuza picha hiyo. Hapa aliyelala kando ya njia ya Yeriko ni tajiri. Nguvu zimemtoka, akili imemtoka, walio karibu wanapekua mifuko yake. Nani alikuwa jirani yake? Hawakuwa wale waliomzunguka kwenye karamu za hisani, isipokuwa wachache, kama rafiki yake Annette de la Renta aliyekubali kuwa mlezi. Katika kitabu cha Gordon, walio karibu ni watu wa nyumbani: wauguzi waliokaa naye usiku na kuandika katika madaftari kila siku hofu zake na maneno yake, madaftari ambayo baadaye yalifika mahakamani, na mtumishi mkuu wa nyumba, Chris Ely, Mwingereza, aliyejua chai yake na mbwa wake, na ambaye Anthony alimwachisha kazi mwaka 2005. Ni kweli walilipwa. Lakini Msamaria naye alimlipa mwenye nyumba ya wageni, na sijasikia mhubiri anayesema kwamba malipo yale yaliharibu huruma ya nyumba ile.

Luther alifundisha katika andiko lake la mwaka 1520 juu ya uhuru wa Mkristo kwamba matendo yetu mema hayampandishi mtu kwa Mungu. Yanashuka kwenda kwa jirani. Wengi wetu tunalijua hilo tangu darasa la kipaimara. Tusilolishika sana ni karatasi iliyokutwa baada ya kifo chake mwaka 1546, ambayo aliandika kwamba sisi ni ombaomba. Alisema sisi, akijiweka na yeye humo. Tajiri anayetoa miaka arobaini bila kuhitaji kupokea kitu yuko hatarini kulisahau neno hilo, na sisi tunaopokea tunamsaidia alisahau. Hatumwombei, tunamshukuru. Hatumtembelei, tunamwalika.

Katika sharika nyingi utakuta mfadhili aliyeezeka kanisa au kununua vinanda vya kwaya, kisha akapata kiharusi. Jina lake litasomwa kwenye matangazo. Lakini uliza ni wangapi wamefika kwake. Washarika watakuambia wanaogopa geti, wanaogopa mbwa, na zaidi ya yote hawajui wabebe nini, maana mkono mtupu haulambwi, na mtu mwenye kila kitu utampelekea nini? Mjane wa jirani aliyevunjika mguu alipelekewa ndizi, maziwa na kuni ndani ya juma moja, akaimbiwa, akaletewa Chakula cha Bwana kitandani. Yule wa nyuma ya geti analala na wauguzi wawili na televisheni. Huu si ukatili wa mtu yeyote. Ni matunda ya miaka mingi ya kumfanya awe Msamaria wa kudumu.

Hapo ndipo lawama yangu kwa vitabu hivi ilipo. Footprints, kilichoandikwa na mwenyewe akiwa na nguvu, kina kila mtu aliyemkaribisha mezani. Kiernan ana ustadi wa kuonyesha jinsi jina lilivyojengwa. Gordon, ambaye kesi ndiyo mada yake, ndiye anayewafikia zaidi watu wa jikoni na wa chumba cha mgonjwa, na kwa hiyo kitabu chake, ingawa kinanukia umbea wa matajiri kurasa nyingi, ndicho ambacho ningemwazima msharika kwanza. Ila hata yeye anawaita zaidi kama mashahidi: nani aliona sahihi, nani alisikia nini, tarehe gani. Anapopata muuguzi aliyekesha na bibi wa miaka mia aliyekuwa anaogopa giza, anamwuliza juu ya wosia.

Mlezi mpya alimwondoa Park Avenue akampeleka Holly Hill, nyumba yake ya nje ya mji, penye miti, mahali alipokuwa anapapenda. Chris Ely alirudishwa kazini. Huko ndiko Bi. Astor alikoishi mwaka wake wa mwisho, na ndiko alikofia. Ugomvi wa wosia uliendelea hadi mwaka 2012, sehemu ya Anthony ikapunguzwa, na mamilioni yakaenda kwenye taasisi alizozipenda, maktaba ikiwemo. Philip, mjukuu, aliendelea kwa miaka mingi kuzungumza hadharani kuwatetea wazee wanaoibiwa na watu wa nyumbani mwao.